Gari ya mjini, gari ya shamba: nilivyojipangia lini nimwage oili

Ukiuliza gereji tatu za Unguja gari iende kilomita ngapi ndipo imwagwe oili na kutiwa mpya, jiandae kwa majibu matatu. Mmoja atakwambia 3,000 na hataki mjadala. Wa pili 5,000. Wa tatu atataka kwanza kuliona kopo, halafu atakusomea namba iliyoandikwa juu yake, hata ikiwa 10,000. Hiyo 3,000 nina shaka nayo kidogo. Wamarekani kwa miaka mingi walikuwa na mazoea ya kumwaga oili kila maili 3,000, ambazo ni karibu kilomita 4,800. Nahisi namba ilivuka bahari, maili zikaachwa huko huko.

Mimi ni mwalimu, nakaa Fuoni, na gari yangu ni Toyota IST ya 2004, injini ya 1.5. Njia yake ni nyumbani, skuli, sokoni Mwanakwerekwe, na Darajani siku nikipata roho ya kutafuta pa kuegesha. Kaka yangu ana Toyota Noah ya kubebea watalii, leo Nungwi, kesho Paje, keshokutwa Kizimkazi. Sote tulikuwa tunakwenda kwa fundi mmoja na sote tukipewa hesabu moja. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza.

Nilianza na kitabu cha gari. Kimeandikwa Kijapani, lakini siku hizi simu inapiga picha na kukutafsiria, Kiswahili chake ni cha ajabu ila namba zinasomeka. Toyota kwao Japani wanasema injini ya petroli isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) imwagwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia ndicho kifuatwe. Fundi alipoisikia 15,000 alicheka mpaka akaweka spana chini. Na alikuwa na haki, kwa sababu pembeni yake kuna hesabu nyingine, ya gari inayotumika katika mazingira magumu: kilomita 7,500 au miezi sita. Mazingira magumu wameyataja: njia mbovu na za vumbi, safari fupi fupi zisizozidi kilomita 8 zinazorudiwa kila mara, mwendo wa polepole na kusimama muda mrefu injini ikinguruma, kupanda milima, na gari inayokwenda zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Toa milima, iliyobaki ndiyo Unguja yetu.

Kilichonifumbua macho zaidi ni zile safari fupi. Injini ikichoma petroli inatoa pia mvuke wa maji, na baadhi ya mvuke huo pamoja na chembe za petroli hupenya pembeni ya pistoni ukaingia kwenye oili. Ukiendesha mwendo mrefu oili inapata moto wa kutosha, maji yanageuka mvuke na kutoka, na petroli nayo nyingi inaondoka. Mimi nikitoka nyumbani mpaka skuli, oili haijakaa katika joto lake nimeshazima. Jioni hivyo hivyo. Maji na petroli vinabaki ndani, oili inakuwa nyepesi, asidi inajijenga, na kilomita zenyewe hazisogei. Joto letu la hapa linasaidia kuliko baridi ya Japani, lakini haliwezi kuifanya kazi hiyo yote.

Kisha foleni. Gari ikisimama Mwanakwerekwe asubuhi, geji ya kilomita imelala ila injini inazunguka na oili inapikika. Nikapiga hesabu kwa saa badala ya kilomita. Gari inayokwenda kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa itafika kilomita 5,000 baada ya saa kama 333 za injini. Inayokwenda wastani wa 50, njia ya Nungwi au Paje, itafika hapo hapo kwa saa 100. Oili ya gari ya kwanza imefanya kazi mara tatu na zaidi, na fundi anawaandikia wote stika ile ile ya kilomita za kurudi.

Basi uamuzi wangu ukawa huu: IST namwaga oili kila miezi sita, kilomita ziwe zimefika au hazijafika. Kwa matembezi yangu hazifiki hata 4,000. Filta nabadilisha kila mara pamoja na oili, maana sioni faida ya kutia oili safi ipite kwenye uchafu wa zamani. Na kila Ijumaa asubuhi, kabla sijawasha, gari ikiwa mahali tambarare, navuta kijiti cha kupimia, nafuta, narudisha, navuta tena. Rangi nyeusi hainishtui, oili yenye sabuni zake inatakiwa ibebe masizi. Ninachotafuta ni kipimo kimeshuka kiasi gani, kama inanuka petroli, na kama imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwani hiyo ni dalili ya maji kuingia na haisubiri miezi sita ya mtu.

Kuhusu oili yenyewe tulivutana. Fundi anapenda 20W-50, anasema nchi yetu ya joto inataka oili nzito. Kitabu kinaikubali 5W-30, iliyo nyepesi zaidi, na injini hii njia zake za oili ni nyembamba. Mimi nikabaki na 5W-30. Gari ingekuwa imechoka na inakula oili, ningemsikiliza zaidi. Jambo jingine ni ujazo. Injini hii pamoja na filta inachukua kama lita 3.7, kopo lina lita nne, na mafundi wengi hawapendi kubakisha. Mimi husimama pale pale na kusema, "Fundi, hapo hapo basi." Ikizidi sana, oili inaweza kupigwa na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikafanya povu, na povu halilainishi kitu. Kile kinachobaki nakiweka kwenye buti cha kuongezea.

Oili chafu naondoka nayo kwenye dumu. Gereji ninayokwenda ilikuwa ikimwaga nyuma ya uzio, na hilo siwezi kulinyamazia: maji tunayokunywa Unguja yanatoka chini ya ardhi, na jiwe letu la matumbawe linapitisha kila kitu. Sasa fundi ameweka pipa, na mwenye kuinunua anakuja kuichukua.

Imebaki Noah ya kaka. Nilikuwa nimeshamwandalia hesabu yake: njia ndefu, injini inapata moto vizuri, oili nzuri, anaweza kufika 7,500 bila wasiwasi na akabakisha pesa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwalimu, wageni wakiingia baharini kutazama pomboo Kizimkazi, mimi nawasubiri nimewasha kiyoyozi. Saa hizo umeziandika wapi?" Sikuwa nimeziandika. Tukakubaliana 5,000.