Siku ya Viatu, Passau

Kosa langu lilikuwa viatu. Nilivinunua kwa ajili ya baiskeli, soli ngumu kama ubao, na asubuhi ile tukiwa Passau nikaona nivivae mapema vizoeane na mguu kabla ya safari. Dada, aliyekuwa na ndala zake, aliviangalia, akaniangalia na mimi. "Haya, mdogo wangu. Mwenye mguu ni wewe."

Ilikuwa Juni 2018. Baiskeli tulizokodi tungepewa jioni, na kesho yake tungeanza kuufuata Mto Danube kutoka pale Ujerumani, tuvuke mpaka wa Austria, hadi Vienna: kilomita zaidi ya 300. Mimi siku moja sikuwahi kumaliza hata 40. Kwa hiyo nilitaka kushinda hotelini nikitunza nguvu. Lakini dada alikuwa amestaafu juzijuzi tu na hakujua kukaa kitako. Tukatoka.

Mji mkongwe wa Passau umekaa kwenye ulimi mwembamba wa ardhi, Danube huku, Mto Inn kule. Nikajisemea, hapa mtu hawezi kupotea. Tukapotea. Vichochoro vinapanda, vinapinda, vinageuka ngazi, na juu ya kichwa kuna matao yanayounganisha nyumba na nyumba kama vile zimeshikana mikono zisianguke. Moto uliuteketeza mji huu mwaka 1662, ukajengwa upya na mafundi wengi wakatoka Italia, ndiyo sababu kuta zina rangi za manjano na waridi. Vizuri sana kutazama. Chini, lakini, ni mawe ya mviringo yaliyopangwa, na soli zangu zilikuwa zikiteleza kwenye kila moja. Tulipofika kwenye jengo la baraza la mji, kisigino cha kulia kilikuwa kinawaka.

Nikaegemea ukuta nipumzike. Ndipo nikaona mistari iliyochorwa mahali pale pale nilipoegemea, kila mmoja na mwaka wake: alama za mafuriko. Nilipotafuta 2013 ilibidi niinue uso. Nikanyoosha mkono, haukufika. Mwezi Juni mwaka ule kipimo cha mto kilisoma mita 12.89, maji ambayo mji haukuwa umeyaona tangu 1501. Mstari wa 1501 ndio pekee uliokuwa juu zaidi. Nikageuka kuutazama mto wenyewe, hatua chache kutoka tulipo, umetulia, meli za watalii zimefungwa kando. Mimi nilikuwa nimeuona kwenye ramani tu, uzi wa buluu wenye njia ya baiskeli pembeni. Sikuwa nimefikiria kwamba uzi unaweza kupanda ukutani.

"Tunakwenda kulala kando ya huyu siku saba?" nikauliza.

"Wao wamelala naye miaka mingapi?" dada akajibu, akaanza kutembea.

Saa sita tuliingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano kusikiliza kinanda. Nakiri nilikubali upesi kwa sababu kuna viti. Kinanda kile kina mabomba karibu 18,000, na kwa kweli ni vinanda vitano vinavyoweza kupigwa na mtu mmoja akiwa mahali pamoja. Nilivua viatu kimya kimya chini ya benchi. Muziki ulianza nyuma yetu, ukajibiwa kutoka mbele, halafu sauti nyembamba ikashuka kutoka juu kabisa. Dada akanigusa kiwiko, akaonyesha kwa kidevu: kwenye dari kuna tundu, na kinanda kimoja kimewekwa darini huko nyuma yake. Nusu saa nzima sikukumbuka kisigino. Nilikikumbuka nilipovaa viatu tena; soksi ilikuwa imegandana na lengelenge lililopasuka.

Baada ya hapo nilitembea kwa kuchechemea, nimekanyaga nyuma ya kiatu, mpaka ncha ya mji. Mito mitatu inakutana pale. Ilz unatoka kushoto, mdogo, mweusi kwa sababu ya maji ya vinamasi unakopita. Danube uko katikati. Inn unaingia kulia, mpana, kijani cha maziwa, umebeba theluji iliyoyeyuka ya milima ya Alps. Haichanganyiki mara moja. Inakwenda sambamba, kila mmoja na rangi yake, kama watu wa basi moja wasiojuana. Na wakati wa kiangazi Inn ndio wenye maji mengi zaidi, lakini kuanzia pale jina ni Danube.

Dada alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. "Ameolewa," akasema mwishoni. "Kaja na mali zake zote, jina likabaki la mume."

Jioni tukachukua baiskeli. Fundi akanipandishia kiti, akanionyesha gia, akatazama mguu wangu, akatikisa kichwa. Usiku dada alinibandika plasta huku akinisema, na sikuwa na la kujibu.

Asubuhi viatu vya baiskeli, vile vya bei, vilikuwa ndani ya begi la pembeni, na mimi nilikuwa nakanyaga pedali kwa ndala za akiba za dada. Tulishika ukingo wa kushoto. Mji ulipoanza kupotea nyuma yetu, dada aliyekuwa mbele aliinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani akaonyesha ng'ambo, ambako ukanda wa kijani ulikuwa bado haujakubali kuchanganyika.

"Shemeji yako yule!" akapiga kelele, baiskeli ikayumba, nusura aingie kwenye nyasi.