Madoa ya miguuni yaliyonipeleka mpaka kwenye ini

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye saivi anaangalia miguu yake usiku na hajui ana nini, maana mimi nilikaa hivyo karibu miaka miwili.

Mimi ni mama wa Tanga, nauza samaki, kazi yangu ni kusimama toka alfajiri mikono ndani ya barafu. Mwaka 2018 nikaanza kuona vidoa vyekundu kama nimeng'atwa na mbu, vinaanzia kwenye vifundo vya miguu vinapanda mpaka kwenye muundi. Ukivikandamiza na kidole havipotei, ukipapasa unavisikia vimeinuka. Baada ya wiki hivi vinageuka kahawia vinaacha alama kama kutu, alafu vinakuja vingine. Nikisimama sana vinazidi, nikilala siku mbili miguu juu ya mto vinapungua. Zahanati ya kwanza wakasema aleji nikapewa krimu, ya pili wakasema fangasi nikapewa krimu nyingine, na shoga zangu sokoni wao walisema nimekanyaga kitu.

Mara viungo navyo, magoti, vidole, asubuhi siwezi kufunga kanga vizuri. Nyayo zinawaka moto usiku kama zimepakwa pilipili, baadae ganzi. Hospitali nyingine wakapima damu, kipimo cha baridi yabisi kikatoka chanya, basi ikawa ndo jibu, nikawa nameza vidonge vya maumivu miezi na miezi. Hapo hakuna aliyefikiria ini, na mimi ningefikiriaje wakati macho meupe, nakula vizuri, tumbo haliumi?

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja kijana huko nilikopewa rufaa Dar. Akaangalia miguu akanyamaza, akaniuliza, "Mama, umewahi kuongezewa damu?" Nikamwambia ndio, 1988, kifungua mimba wangu, nilivuja sana nikawekewa chupa mbili. Akasema kirusi cha homa ya ini C chenyewe kimegunduliwa 1989, kwa hiyo damu niliyopewa mimi hata wangetaka kuipima wasingekuwa na cha kupimia. Tukapima. Kipo. Miaka 30 kipo ndani yangu na kimenyamaza.

Nikamuuliza sasa ini na madoa ya miguu wapi na wapi? Akanieleza taratibu mpaka nikaelewa. Kirusi kikikaa miaka mingi kwenye damu, kinga ya mwili nayo haipumziki, inatengeneza protini za kupigana nacho kila siku, mwisho zinakuwa nyingi na nyingine zina tabia mbaya, zikipata ubaridi zinagandana. Ni kama mafuta ya supu, ikiwa moto huyaoni, ikipoa yanatanda juu. Zinaitwa krayoglobulini. Zinanasa kwenye mishipa midogo ya damu, mishipa inavimba inavuja, ndo yale madoa. Mishipa inayolisha neva za miguu ikiguswa unapata ganzi na moto, figo zikiguswa mkojo unatoka na povu, na wangu ulishaanza povu, protini ilikuwemo. Hata kile kipimo cha baridi yabisi kumbe kilidanganywa na protini hizi hizi. Vile vidonge vya maumivu akaniambia niache siku hiyo hiyo kwa sababu ya figo.

Sasa sikia hili maana ndo watu wengi wanakosea. Kipimo cha krayoglobulini mara ya kwanza kilitoka hamna kitu, nikataka kulia. Daktari akafuatilia, kumbe damu yangu ilisafirishwa kwenye boksi la barafu, protini zikagandia humo kwenye chupa kabla hazijafika kwa mpimaji. Mara ya pili nesi alipasha bomba la sindano na chupa, akatumbukiza damu kwenye chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 37, joto la mwili, na mwanangu akaibeba mwenyewe maabara kifuani kama mtoto mchanga. Ikaonekana. Kwa hiyo ukiandikiwa kipimo hiki uliza damu inabebwaje, usione aibu kuuliza.

Dawa nilipewa sofosbuviri na velpatasviri, kidonge kimoja kwa siku wiki 12. Kabla ya hapo wakapima na homa ya ini B, kwa sababu ukiwa nayo imelala, dawa za C zinaweza kuiamsha. Nilikuwa natumia omeprazoli ya vidonda vya tumbo, nikaambiwa niache, inazuia velpatasviri isiingie mwilini vizuri, na hili ningekuwa sijasema mwenyewe kwamba naitumia wasingejua, kwa hiyo taja kila dawa hata ya dukani. Pesa ilikuwa kazi, tulichangishana ukoo mzima. Miezi 3 baada ya kumaliza wakapima wingi wa virusi, hakuna. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Madoa yaliisha kabla hata dawa haijaisha, povu lilichukua karibu mwaka. Ganzi imebaki kidogo, neva zinapona polepole sana. Kila asubuhi nazungusha mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, niliwahi kutembea na jiwe nusu siku bila kulisikia nikapata kidonda. Nilichojifunza kingine ni kupiga picha miguu na simu siku madoa yanapotoka na kuandika tarehe, maana siku ya kliniki ikifika yashafifia na unaonekana muongo.

Mume wangu na watoto wote wamepima, wazima. Kirusi hiki kinapita kwenye damu, sio kwenye sahani wala kwa kushikana mikono, kwa hiyo wale walioacha kula kwangu walinionea. Chanjo ipo ya B, ya C hakuna.

Krayoglobulini kidogo bado zipo ingawa kirusi hakipo, nimeambiwa inatokea, kwa hiyo kila miezi 6 napima mkojo na damu. Barafu saivi anachota mwanangu, mimi nakaa kwenye stuli na soksi zangu napokea hela.