Babu na Nyasi Zake: Safari ya Shinyanga

Treni ya umeme ilitushusha Dodoma kabla ya saa sita mchana, na starehe ikaishia hapo. Kutoka Dodoma hadi Shinyanga ni basi, na basi nililolipata lilikuwa limeshajaa tangu Dar. Nikabanwa kiti cha nyuma kabisa, kati ya mama mwenye mtoto na kijana aliyepakata spea za pikipiki. Nilikuwa nakwenda kumaliza msiba wa babu mzaa baba. Maziko sikuyawahi. Nilizika kwa simu, kama tunavyozika wengi wa mjini siku hizi: unatuma rambirambi, unatumiwa picha za kaburi.

Singida watu walishuka kununua mafuta ya alizeti. Baada ya hapo ndipo safari hii huninogea. Barabara inashuka Sekenke kwa kona ambazo hata madereva wenye maneno mengi huzinyamazia, halafu mbuga ya Wembere inafunguka mbele yako, tambarare mpaka macho yachoke. Ilikuwa Septemba. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mkono, na ng'ombe walioswagwa kando ya lami mbavu zao zilihesabika kutoka dirishani.

"Hawa wakifika mvua ya Novemba ni bahati," akasema yule kijana wa spea.

Sikumjibu. Septemba ndio uliokuwa mwezi wa babu kuringa.

Tulipita Igunga na Nzega, na Tinde tukafika giza limeshaingia. Pale malori ya Rwanda na Burundi hushika njia ya Isaka na Kahama, sisi tukapinda kwenda Shinyanga mjini. Nililala gesti, asubuhi nikachukua bodaboda.

Anayefika huku mara ya kwanza wakati wa kiangazi hudhani nchi iliumbwa hivi hivi, kavu, na migunga ya hapa na pale. Sivyo. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, kwa kushirikiana na watemi, ilihimiza watu wafyeke pori kuwaondoa mbung'o, nzi wanaoambukiza ng'ombe ugonjwa. Miti ikaondoka kwa maelfu ya ekari, mbung'o wakaondoka, ng'ombe wakaongezeka. Kisha ikaja pamba, nayo ikataka mashamba mapya kila mwaka. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu, babu akiwamo, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na malisho waliyokuwa wameyatenga nyuma ya miji yao yakabaki bila mwenyewe. Yaliliwa yakaisha. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akiiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Nilipovuka ua wa minyaa nilipiga magoti kumsalimia bibi. "Mwangaluka, bibi." Akaitikia, akanitazama kwa muda. "Mume wako amekuacha," akasema. Babu alikuwa akiniita mchumba tangu nikiwa na meno ya utoto, na mahari yangu, alisema, ilikuwa inakula nyasi kule nyuma. Tukacheka, kisha tukalia, kisha nikaletewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na chai.

Mchana wote huo watu walikuwa wakija kujieleza. Babu hakuweka ng'ombe wote zizini kwake. Wengine aliwaweka kwa jamaa na majirani, wao wanakamua maziwa na kutumia samadi, mifugo inabaki yake. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hauli mali yote. Sasa kila aliyekuwa na ng'ombe wa marehemu alisimama mbele ya wazee akataja: jike fulani, mwekundu, kazaa mara tatu, ndama mmoja kafa, ngozi yake ilionyeshwa. Baba mkubwa alikuwa akilinganisha na daftari la shule ambalo babu aliandikia kwa penseli, jina la mtu na rangi ya ng'ombe tu. Mmoja alikuja na ng'ombe ambaye hakuwamo daftarini. Angeweza kunyamaza. Idadi yao sitaitaja, maana mfugaji hahesabiwi ng'ombe wake hadharani, hata akishakufa.

Hotuba zilisifu ng'ombe hao, na pamba, na maksai wake wa plau waliolimia nusu ya kitongoji. Ni haki. Lakini mimi naona kazi kubwa ya babu ilikuwa kusema hapana, na hilo hakuna aliyelisema mpaka jioni, babu mdogo aliponichukua kwenda kuona ngitili, malisho ya akiba ya babu.

Ni ekari kumi na kitu nyuma ya mji. Mvua zikianza, hakuna mnyama anayeruhusiwa kukanyaga humo. Nyasi zinakua, zinakomaa, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikishakaza ndipo panafunguliwa, tena kwa vipande, wakitangulia ndama, wagonjwa, wazee na maksai ambao karibuni watatakiwa wavute plau. Wasukuma walikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimesalia mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi; miaka kumi na minane baadaye zilikuwa zimepita hekta 300,000. Babu alikuwa amesharudi kwenye mji wake wa zamani. Miche waliyogawiwa ilimalizwa na mchwa na jua, akaacha kuhangaika nayo. Akalinda visiki tu. Visiki vilivyofyekwa kabla hajazaliwa vilikuwa bado vina mizizi hai chini, vikachipua vyenyewe. Leo ndani mna kivuli, mna mizinga, na bibi huchuma humo dawa za tumbo.

"Mimi hapa," akasema babu mdogo, akionyesha pengo la zamani kwenye uzio, "niliingiza ng'ombe wangu usiku. Ndugu yake wa tumbo moja! Akanipeleka sungusungu." Alitozwa mbuzi. Babu alikula nyama ya mbuzi huyo pamoja na wengine, akamkatia mdogo wake paja, na kesho yake akaziba pengo. Babu mdogo aliisimulia habari hii kwa majivuno, ungedhani ni yeye aliyeshinda.

Kikao cha ukoo kilikaa usiku. Baba mdogo alikuwa amesafiri kutoka Lindi. Yeye ni miongoni mwa waliohamia bonde la Usangu, Mbeya, na mifugo, na wafugaji walipoondolewa Ihefu, ardhi oevu ya huko, mwaka 2006 akaswaga kuelekea kusini, huko akaanza upya. Sasa alitaka ngitili igawanywe kwa watoto wa kiume, kila mmoja afanye atakalo. Chake angelima dengu, dengu zina bei. Binamu mmoja akamuunga mkono. Shangazi, ambaye kwa mila hakuwa na fungu lolote pale, akauliza ekari mbili mbili zitafuga nini. Kimya. Akauliza tena, safari hii akimtazama baba mdogo: aliporudi mara ya mwisho na ng'ombe wamekonda hawawezi kusimama, aliwapeleka wapi?

Baba mdogo akasema hilo ni jambo la zamani. Watu wakacheka, naye akacheka kidogo.

Mimi niliyefanywa katibu, kwa sababu eti nimesoma, niliandika hivi: mashamba ya pamba na majaruba ya mpunga yagawanywe, ngitili ibaki moja kwa misimu mitatu, baba mkubwa awe mwangalizi, atakayeingiza mifugo kabla ya wakati atozwe mbuzi, awe nani awe. Kuhusu siku ya kufungua walibishana mpaka kahawa ikaisha. Hatimaye wakamgeukia bibi, ambaye hakuwa amefungua kinywa usiku kucha. Akasema nyasi bado, wangoje wiki mbili, na ndama wake watangulie.

Nakala moja ya muhtasari ilibaki kwa baba mkubwa, ndani ya daftari la ng'ombe. Nyingine alikwenda nayo baba mdogo Lindi, ameitia sahihi, ila chini yake akaongeza kwa mkono wake kwamba suala la dengu litajadiliwa tena.