Mzigo wa reli, mzigo wa bandari: kupanga klasi za C++ ndani ya Lua

Programu ya bandari kama ya Kigoma ina jina moja linalogombewa: Mzigo. Treni inauleta kutoka Dar es Salaam kupitia Tabora, meli inaupakia kwenda Bujumbura au Kalemie. Wa reli una namba ya behewa, wa ziwani una nafasi yake melini. Ndani ya C++, reli::Mzigo na bandari::Mzigo hazigusani. Kasheshe huanza ukizifungua kwa Lua, lugha ndogo ya skripti, ili kanuni za tozo ziandikwe kwa skripti.

Wengi huunda jedwali la reli na la bandari, wakaweka Mzigo katika kila moja, wakadhani wamemaliza. Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Metajedwali za klasi (majedwali yanayoeleza tabia za vitu vyake) hukaa kwenye rejista, jedwali la ndani linalotumiwa na msimbo wa C, na rejista ni moja kwa kila mfumo wa Lua unaoufungua (lua_State kuu). Ukiita luaL_newmetatable(L, "Mzigo") mara ya pili, hailalamiki: inarudisha 0 na kukuwekea kwenye steki (rundo ambalo C na Lua hupeana thamani) metajedwali ileile ya kwanza. luaL_setfuncs inayofuata inaandika fanksheni za bandari juu ya zile za reli zenye majina sawa. Tangu hapo luaL_checkudata, inayokagua aina ya kitu, inapitisha mzigo wowote, pointa ya klasi moja inasomwa kama ya nyingine, na programu inaanguka mbali kabisa na chanzo, mara nyingi __gc (fanksheni inayoitwa kitu kisichotumika kinapofutwa) inapofanya usafi. Sajili kwa jina kamili, "reli.Mzigo" na "bandari.Mzigo", na ukirudishiwa 0 simamisha programu papo hapo. Tangu Lua 5.3 jina hilo huwekwa pia katika __name, kwa hiyo ujumbe wa kosa unataja pia klasi ya kitu kilichopitishwa, si ile iliyotakiwa tu.

Kwa jedwali la nje (reli au bandari), usiite lua_newtable na lua_setglobal katika kila faili. Faili la mwisho litafuta kazi ya wenzake. Ita lua_pushglobaltable, kisha luaL_getsubtable(L, -1, "reli"): jedwali likiwepo linachukuliwa, lisipokuwepo linaundwa. Weka jedwali la klasi yako juu ya steki, lua_setfield(L, -2, "Mzigo"), halafu lua_pop(L, 2). Ukiiacha hiyo ya mwisho, kila usajili unabakiza vitu viwili, na fanksheni ya C imehakikishiwa nafasi 20 tu za ziada. Walio kwenye Lua 5.1 hawana luaL_getsubtable. Watumie lua_getfield na lua_isnil.

Ngazi mbili za majina, kama reli.Mzigo, zinatosha. Kila nukta ni utafutaji mpya wakati skripti inakimbia, basi kwenye kitanzi kizito andika local Mzigo = reli.Mzigo kabla ya kuingia.