Siku Moja Maishani Mwangu: Ustawi wa Jamii Katika Shule ya Msingi, Likoni

Saa kumi na mbili na nusu. Niko kwenye feri. Umati unatoka Likoni kuja kisiwani Mombasa, mimi nauendea kinyume, kwa hivyo nafasi tele.

Saa moja na robo. Sianzii ofisini, naanzia langoni kwa bawabu. Yeye ndiye ajuaye nani kachelewa na nani kaletwa na mtu mgeni. Leo ananiambia yule mvulana wa gredi ya sita kachelewa tena. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili mtoto asijulikane.)

Saa mbili. Napitia rejista na mwalimu wa darasa. Kandokando ya jina amekwishaandika "mtoro". Namwomba alisitishe neno hilo hadi Ijumaa.

Saa nne, chai. Mwalimu mmoja ananitania: "Nyinyi ndio mnaowadekeza hawa." Viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, lakini sheria si kitu cha kumrushia mtu usoni mbele ya chai yake, hasa mtu mwenye darasa lililofurika. Namuuliza yeye angefanyaje na mtoto huyu. Hapo mazungumzo yanaanza.

Saa sita na nusu. Jikoni. Huyu mama mpishi nampenda, haandiki ripoti lakini haoni haya kusema. "Nusu anakula, nusu anatia kwenye mkebe. Nimemwona tangu juma lililopita." Baadaye, peke yetu chini ya mwembe, mtoto ananieleza mkebe unaenda wapi.

Saa saba na nusu. Kikao: mwalimu wa darasa, wa ushauri nasaha, wa chekechea na naibu mwalimu mkuu. Hapa ndipo kazi yangu ilipo ngumu. Walimu wanataka kisa chote, na wana haki ya kuuliza. Nawapa wanachohitaji: nyumbani mama hayupo, yuko Saudia kikazi, nyanya mgonjwa, mtoto ndiye anayewaandaa wadogo zake asubuhi. Mengine aliyonieleza yanabaki kwenye faili langu, kabatini, chini ya kufuli. "Mwalimu, hilo niachie mimi." Mwalimu wa darasa ananuna kidogo, kisha wa chekechea anakubali kumpokea kitinda mimba mapema. Mpishi naye ataongeza upawa mmoja.

Saa tisa. Nampigia afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Sheria ya Watoto ya 2022 haiachi suala la malezi mikononi mwa shule pekee, na nisipomhusisha sasa, nitamtafuta mambo yakishaharibika.

Saa kumi. Naenda nyumbani kwao na mwalimu wa ushauri nasaha, pamoja na ustadhi wa madrasa, maana nyanya anamfahamu na mlango hufunguka kwa anayefahamika. Kabla ya kuondoka namwachia jirani nambari 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, endapo kutatokea jambo usiku.

Saa kumi na mbili naandika maelezo. Ujumbe unaingia kutoka kwa naibu: "Kesho akichelewa asisimame na wale wengine. Mlete kwangu, nitamsindikiza darasani mwenyewe."