Mradi wa nasaba, awamu ya pili: Upanga, Mlimani, Bibi Titi

Lengo halijabadilika: kuifuatilia familia moja ya Kizaramo kutoka Kariakoo kurudi nyuma hadi vijiji vya Kisarawe, vizazi vinne. Awamu ya kwanza ilikuwa kukaa na wazee. Hii ni ya karatasi, na imebadilisha namna ya kuuliza. Ukienda Kumbukumbu za Taifa, ofisi ya Upanga inayotunza nyaraka za zamani za serikali, na jina la babu, utarudi na jina la babu. Majalada hayakupangwa kwa majina ya watu, yamepangwa kwa ofisi iliyoyafungua. Kwa hiyo usianze na "alikuwa nani". Anza na "aliishi wapi, miaka ipi, na kodi ya nyumba yake ilikusanywa na nani".

Karatasi kabla ya kutoka nyumbani

Kila mtu ana karatasi yake, mistari sita: majina yote aliyowahi kuitwa (la nyumbani, la dini, la utani), jina la baba, kijiji na jumbe wake, kazi, msikiti au kanisa, na tukio la kupimia umri. Huo mstari wa mwisho ndio wenye kazi kubwa. Mzee hakutajii mwaka, ila atakwambia mama yake alikuwa anachunga mbuzi Waingereza walipoingia mjini. Dar es Salaam ilitwaliwa Septemba 1916. Mtoto wa kuchunga mbuzi tumemkadiria miaka 7 hadi 10, basi alizaliwa kati ya 1906 na 1909. Matukio mengine tunayotumia: Maji Maji (1905–1907), Uhuru (1961), kuhamia vijiji vya ujamaa (1973–1976). Andika kadirio kwa penseli na uweke alama kwamba ni kadirio. Likishaandikwa kwa wino, baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka kwamba lilikuwa la kubahatisha.

Tahadhari mbili kuhusu majina. Kwanza, Salum Juma ni Salum mtoto wa Juma, na mtoto wake ataitwa Ali Salum. Juma ameshatoka kwenye karatasi. Ukitafuta jina moja la ukoo lishuke vizazi vyote kama uzi, hulipati. Pili, Wazaramo huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wakati makarani wa serikali waliandika baba. Ndiyo maana ndugu wa ukoo mmoja huonekana kwenye majalada kama watu wasiojuana. Upande wa mama utaupata kwa wazee tu, uulize mapema.

Upanga, Mtaa wa Vijibweni: Kumbukumbu za Taifa

Barua ya maombi iandike kwa mada pana: "historia ya vijiji vya Kisarawe, 1890–1961" inafungua masanduku mengi kuliko "ukoo wetu". Beba kitambulisho, penseli mbili na daftari, ulizia ada na ruhusa ya kupiga picha kabla hujakaa. Nyaraka ambazo hazijatimiza miaka 30 hazifunguliwi kwa umma, kwa hiyo usipoteze siku kuzitafuta.

Namba zina maana, zijue. Majalada ya Wajerumani yana herufi G ikifuatiwa na namba. Ya Waingereza yako ya makao makuu ya serikali na yako ya majimbo na wilaya: fungu 61 ni la Jimbo la Mashariki, fungu 540 ni la Wilaya ya Dar es Salaam. Kwa familia ya mjini na pembezoni mwake, tumeanza na hizo mbili. Pitia orodha nzima ya fungu, usirukeruke, na uandike kila kichwa kinachogusa kodi, uteuzi wa majumbe, mashamba, makaburi, shule, na hasa malalamiko. Jalada la malalamiko ni hazina. Mtu anayedai shamba lake hujitaja jina, baba yake, kijiji chake na majirani wa pande nne, mambo ambayo hakuna karani angemwuliza. Jalada la kodi mara nyingi lina hesabu tupu: nyumba ngapi, shilingi ngapi, jina hata moja hakuna.

Jaza fomu za majalada matatu kwa mpigo. Moja huenda lisipatikane rafuni, la pili likawa na karatasi nne tu, na asubuhi ikaisha. Likifika, soma madokezo ya mbele kwanza, yaani maoni mafupi ya maofisa. Dokezo hukwambia nani aliamua nini na kwenye folio ipi (karatasi yenye namba ndani ya jalada), kisha unaiendea folio hiyo moja kwa moja. Kumbuka pia kwamba barua za karibuni huwa juu, kwa hiyo kisa unakisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Kosa lililotugharimu zaidi ni picha zisizo na namba. Jalada lina namba ya zamani ya ofisi kwenye gamba lake na namba ya Kumbukumbu za Taifa, na hazifanani. Sasa kila picha ina kipande cha karatasi pembeni chenye namba ya Kumbukumbu, folio na tarehe ya barua. Zile za mwanzo tunazirudia zote.

Kitabu cha Wilaya kinahitaji maneno yake. Maofisa wa Kiingereza waliandika humo historia za makabila, orodha za watawala na nasaba zao. Ni kitamu kusoma, na kina upande. Nasaba zile ziliandikwa wakati wa kuamua nani astahili ujumbe (cheo cha jumbe), na msimulizi alikuwa mara nyingi mwenye kuutaka. Tawi lililoshindwa hukatwa. Linganisha na simulizi za wazee wa tawi jingine kabla hujachora mstari.

Kusoma Kijerumani na khati ya Kiarabu

Hapa ndipo wengi hukwama, ingawa hesabu yake ni fupi. Mjerumani aliandika sauti kwa masikio yake: sch ni sh, tsch ni ch, dj ni j, s peke yake mara nyingi ni z. Basi Uzaramo utaikuta Usaramo, Kisarawe ni Kisserawe, Mwanza ni Muansa, Ujiji ni Udjidji. Miji mingine ilibatizwa upya: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga. Kwenye mwandiko wa mkono, e hufanana na n, s ndefu hufanana na f, na u huvikwa kijikunjo juu ili isichanganywe na n. Tulichofanya ni kukata vipande vya picha vyenye majina ya mahali tunayoyajua na kutengeneza alfabeti ya karani yule yule. Kila karani na alfabeti yake.

Barua na hati za mauzo za Kiswahili za wakati huo nyingi ziko kwa herufi za Kiarabu. Mtafute mwalimu wa madrasa anayezisoma, ila umwonye: p huweza kuwa b, ch huwa sh, v huwa f, na m kabla ya b huachwa, hivyo Kombo asomwe Kobo. Tarehe ni za Hijria. Zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622: mwaka 1318 unaangukia 1900 hadi 1901.

Mlimani na Bibi Titi

Mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam una magazeti ya zamani na karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni. Tulichoendea hasa ni Mambo Leo, gazeti la Idara ya Elimu lililoanza Januari 1923. Habari za miji na mashairi yake yana majina ya walimu, makarani na mafundi pamoja na mahali walipo. Hakuna faharasa ya majina, kwa hiyo ni kufungua mwezi kwa mwezi. Kama babu alisoma shule ya serikali, pitia. Kama alikuwa mkulima asiyeandika, ruka.

Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohammed, tunaitumia kwa vitabu na magazeti ya baada ya Uhuru. Ni tulivu, na mkutubi akielezwa kijiji badala ya jina anasaidia haraka.

RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, tumeiweka mwisho kwa makusudi. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya 1920 haikuwalazimisha Waafrika, kwa hiyo kwa vizazi vya juu usitegemee cheti.

Kilichobaki

Daftari za ubatizo za upande mmoja wa familia, Kilatini chote: safu ya patrinus ni msimamizi wa ubatizo, si baba, na tayari mtu mmoja kwenye mti wetu amepewa baba asiye wake kwa sababu hiyo. Kufuta mstari huo, kurudia picha 40 za fungu la 540, na kumpelekea mwalimu hati mbili za shamba.