Betri Haibadilishwi Umeme Ukiwa Umezimwa

Kidhibiti cha SIMATIC S5, yaani kompyuta ndogo ya kiwandani inayosoma swichi na kuamuru mota, ambacho Siemens walikianzisha mwaka 1979, bado nakikuta kikiendesha mitambo ambayo hakuna anayethubutu kuizima. Mtengenezaji wake aliachana nacho zamani. PLC-5, kidhibiti cha aina hiyo hiyo cha Allen-Bradley, iliyoingia sokoni mwaka 1986, nayo ilisitishwa mwaka 2017. Wenye viwanda wakipata taarifa ya namna hiyo hukimbilia kununua vipuri vya mitumba na kuvijaza kabatini. Siwalaumu, ila naona wanaanzia mwisho, kwa sababu kifaa kinaweza kupatikana tena, lakini programu iliyomo ndani yake, ikipotea, haiuzwi popote.

Katika vidhibiti vingi vya rika hilo, programu hukaa kwenye kumbukumbu isiyoweza kujihifadhi yenyewe, na umeme ukikatika kinachoilinda ni betri ndogo ya lithiamu tu. Niliwahi kuitwa mahali ambapo fundi mwenzangu, kwa nia njema kabisa, alizima swichi kuu kwanza ndipo akachomoa betri iliyochoka, kama tulivyofundishwa sote tangu siku ya kwanza. Hapo kanuni hiyo ndiyo iliyomponza, kwani betri ile hubadilishwa umeme ukiwa umewashwa. Aliporudisha umeme, kidhibiti kiliwasha taa nyekundu na kutulia hivyo hivyo. Chipu ya EPROM, ambayo huhifadhi programu hata bila umeme, haikuwapo, na nakala pekee ilikuwa kwenye diski ya zamani iliyogoma kusomeka.

Ilitubidi tuiandike programu upya kwa kufuata michoro ya nyaya na kumbukumbu za mzee aliyeendesha mtambo ule kwa miaka mingi. Tulipojaribu mara ya kwanza alitikisa kichwa. “Mwanangu, mota ya kukorogea haiwaki papo hapo, husubiri povu lishuke kwanza.” Hakuna mchoro uliokuwa na habari hiyo.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza siku hizi ni kuinakili programu. Bandari ya S5, yaani tundu la kuunganishia kebo, hutumia mkondo wa miliampea 20, hivyo kebo ya kawaida ya kompyuta haifai bila kigeuzi chake. Tena, ukishaipata utakuta namba tupu za ingizo (ishara zinazoingia) na tokeo (amri zinazotoka), kwa kuwa maelezo ya mwandishi hayakuhifadhiwa ndani ya kidhibiti, bali yalibaki kwenye kompyuta yake, ambayo pengine ilishatupwa. Kuzitambua namba hizo waya kwa waya huchukua siku nyingi kuliko kufunga kidhibiti kipya. (Na hivyo vipuri vya kabatini, kapasita zake hukauka hata visipotumika.)

Wakati wa kubadilisha ukifika, hukiweka kipya kando ya cha zamani, kikisoma ishara zile zile huku matokeo yake hayajaunganishwa popote, kisha nikalinganisha. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, kidhibiti kipya kilihesabu chupa nyingi kuliko zilizopita. Swichi ya kuhesabia ilikuwa ikirukaruka, yaani ikiwaka na kuzima mara kadhaa, kila inapoguswa, na kile cha zamani, kwa kuwa huirudia programu yake polepole, hakikuwahi kuiona miruko hiyo. Niliongeza kichujio cha milisekunde chache kwenye ingizo hilo, na hesabu zikalingana.